Madoa ya Mvua Kwenye Gari: Usisugue Kabla ya Kujua



 Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya homa za watoto, uji wa lishe na usafi wa maji ya kunywa. Mwezi huu naomba mnivumilie tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huwaachia waume zetu na vijana, yaani rangi ya gari na madoa yanayobaki juu yake baada ya mvua.

Usifunue ukurasa mwingine ukisema, "Mimi sina gari." Pengine mnayo pikipiki ya biashara, au mlango wa chuma uliopakwa rangi kwa gharama kubwa. Tena kisa nitakachokueleza si cha gari peke yake. Ni kisa cha kumlaumu mtu asiye na kosa, na mmoja wa waliomlaumu ni mimi mwenyewe.

Yaliyotupata

Hapa kwetu Heru Juu, akina mama 14 wa kanisa tuliweka akiba kwa miaka minne, tukanunua gari dogo lililotumika aina ya Toyota, rangi yake buluu iliyokoza. Si gari la fahari. Siku za Jumamosi hukodishwa kubeba maharusi, na usiku likihitajika humpeleka mama mjamzito hospitali. Watatu kati yetu ni wajane, na gawio la gari hilo ndilo linalowanunulia watoto wao sare na madaftari. Kwa hiyo uzuri wa gari lile kwetu ni mkate. Bwana arusi hakodi gari lenye mabaka.

Kiangazi kimoja gari liliharibika, likakaa wiki tatu uani chini ya mwembe likingojea kipuri. Kama mjuavyo, mwezi wa Agosti na wa Septemba milima yetu hufuka moshi kwa sababu ya watu kuchoma nyasi na mashamba. Majivu yakadondoka juu ya gari siku hadi siku, pamoja na utomvu wa mwembe na vinyesi vya ndege. Mwezi wa Oktoba mvua ya kwanza ikanyesha usiku, asubuhi likatoka jua kali. Kipuri kilipofika, kijana wetu anayeliendesha akaliosha, na hapo ndipo tulipoona madoa meupe ya mviringo kama sarafu, yametapakaa kwenye boneti na kwenye paa. Ubavuni hapakuwa na doa hata moja.

Kijana huyo ana umri wa miaka 22, ni yatima aliyelelewa na shangazi yake. Alituambia, "Mama zangu, mimi nimeliosha kwa maji na sabuni kama siku zote. Haya yametoka na mvua." Sisi tukamjibu kwamba mvua imekuwa ikinyesha tangu dunia iumbwe, na hatujaona ikiharibu gari. Kikao kikaamua akatwe nusu ya mshahara wa mwezi. Nami nilinyoosha mkono kukubali. Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mama zangu," akaenda zake.

Ijumaa yake, kwa kuwa kesho yake palikuwa na harusi, nilichukua chuma cha kusugulia sufuria na sabuni ya unga, nikaanza kusugua boneti. Nilipoona doa la kwanza limefifia nilifurahi, nikaongeza nguvu. Gari lilipokauka, boneti ilikuwa na ukungu na mikwaruzo kama iliyoparurwa na paka. Wenye harusi walilikodi kwa sababu hawakuwa na jinsi, lakini walilipa nusu.

Juma lililofuata tulilipeleka kwa fundi wa rangi mjini Kasulu. Alichuchumaa, akaitazama boneti kwa mshazari, akapitisha kucha yake taratibu. Kisha akasema, "Mama, hii miviringo ni ya maji. Aliyeosha hana kosa. Lakini hii mikwaruzo ni ya mkono wa mtu. Nani alisugua?"

Nilikaa kimya kidogo, kisha nikasema, "Ni mimi."

Tangu siku hiyo niliamua kulielewa jambo hili, nimeuliza mafundi na nimesoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

Madoa ni ya aina mbili

Aina ya kwanza ni doa lililokaa juu ya rangi. Angalia ndani ya birika lako la chai ambalo limechemsha maji ya kisima kwa miezi mingi. Utaona ganda jeupe. Maji hupita juu ya mawe na udongo yakichukua madini, hasa kalisi na magnesi, ambayo hatuyaoni kwa macho. Maji yakikauka, madini hubaki. Maji yenye madini mengi huitwa maji magumu, nayo ndiyo yanayokataa kutoa povu unapofua. Tone la maji hayo likikaukia kwenye gari huacha duara jeupe.

Wenye ndugu Kigoma mjini na Ujiji wameona magari yakioshwa ufukweni. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesi nyingi na yana asili ya magadi, kwa hiyo gari likioshwa kwa maji hayo na kuachwa likauke juani, haishangazi likibaki na vidoa vyeupe. Aidha, oili ya gari huingia katika maji ambayo mama mwingine anachota kwa kupikia. Ni vema tukaacha desturi hiyo kwa sababu zote mbili.

Aina ya pili ni doa lililokula rangi. Hapa hakuna kitu kilichobaki juu. Kuna kishimo. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la mwisho lisilo na rangi, linalong'aa kama vanishi, ambalo mafundi hulipiga juu ya rangi yenyewe. Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele, kiasi cha milimita moja ukiigawa mara 100 na kuchukua sehemu nne au tano tu. Kitu chenye tindikali au magadi makali kikikaa juu yake kwenye joto, hulichimba. Ukipitisha kucha utasikia ukingo wa kishimo.

Tofauti hii ndiyo jambo kubwa la kukumbuka katika makala hii. Doa lililokaa juu huyeyushwa. Doa lililochimba haliyeyuki, kwa maana huwezi kuyeyusha shimo. Ukilisugua kwa nguvu unachimba na sehemu nzima iliyokuwa pembeni yake.

Kwa nini jua huzidisha

Sisi wauguzi tunatumia kipimo kiitwacho pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Kitu cha 7 hakina tindikali wala magadi. Kadiri namba inavyoshuka chini ya 7 tindikali inaongezeka, na kila hatua moja ni mara 10. Limau liko karibu na 2. Maji ya Ziwa Tanganyika yako karibu na 9, upande wa magadi. Mvua safi kabisa, isiyoguswa na moshi wowote, ina pH ya kama 5.6, kwa sababu hewa ukaa iliyomo angani huyeyuka ndani yake. Kwa hiyo kila mvua ina tindikali kidogo, na haitudhuru.

Je, kitu kidogo hivyo kinawezaje kula rangi ya gari? Fikiria mchuzi uliotiwa chumvi ya kadiri. Ukiusahau motoni, maji hupungua lakini chumvi haipungui, na mwishowe mchuzi hauliki. Ndivyo lilivyo tone la mvua juu ya boneti. Jua linapolipiga, maji huondoka, tindikali na uchafu hubaki na kuzidi nguvu katika duara dogo, na bati la gari nalo limepata moto kama kikaango. Ndiyo maana boneti na paa ndivyo huumia, wala si ubavu ambako maji huteremka. Na ndiyo maana rangi nyeusi na buluu iliyokoza, zinazopata joto zaidi, huonyesha madoa kuliko nyeupe.

Mvua ya tindikali kwa wenzetu

Jina la mvua ya tindikali si jipya. Mwaka 1872 mkemia Robert Angus Smith, aliyechunguza mvua ya Manchester na miji mingine ya Uingereza, alilitumia katika kitabu chake. Miji hiyo ilichoma makaa ya mawe kwa wingi. Moshi wa makaa una gesi ya salfa, na moshi wa injini una gesi za nitrojeni. Gesi hizi zikikutana na unyevu wa angani huwa tindikali, zikashuka na mvua, ukungu au vumbi.

Huko Marekani watengenezaji wa rangi za magari hupeleka vipande vya bati vilivyopakwa rangi katika mji wa Jacksonville, Florida, wakaviacha nje majira ya joto, ili waone ni rangi gani itavumilia. Mji huo una unyevu, jua kali na hewa ya viwandani kwa pamoja. Idara ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia mazingira imeeleza kwamba madhara ya tindikali kwenye gari huonekana kama vishimo visivyo na umbo maalum, kwenye sehemu zilizolala, hasa katika magari ya rangi iliyokoza. Niliposoma hayo niliiona boneti yetu mbele ya macho yangu.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Karibu na mji wa Goma, katika Kongo, kuna mlima wa moto wa Nyiragongo. Ulilipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Hata usipolipuka, mlima huo na jirani yake Nyamulagira hutoa gesi ya salfa kwa wingi sana, na mvua inayopita katika moshi wake hushuka na tindikali. Mama mmoja aliyekulia Goma, tuliyekutana katika shughuli za kanisa, aliniambia kwamba bati jipya la kwao huota kutu kabla mtoto aliyezaliwa siku lilipoezekwa hajaanza shule. Mvua hiyo hubeba pia floridi, nayo ni moja ya sababu za watoto wa huko kuwa na meno yenye madoa ya kahawia. Kwao maji ya mvua ndiyo ya kunywa, maana ardhi ya mawe ya volkano haihifadhi maji kirahisi.

Upande wa kusini, katika mji wa Mufulira huko Zambia, ambako shaba huyeyushwa, wakazi wa mtaa wa Kankoyo waliishi miaka mingi na moshi wa salfa. Mabati yalioza na bustani zilikataa kuota mboga. Mitambo ya kunasa gesi hiyo ilikamilishwa mwaka 2014.

Je, mvua ya kwetu iko hivyo? Hapana. Milima ya Kasulu na Kibondo haina kiwanda cha kuyeyusha shaba, na Goma iko zaidi ya kilomita 300 kutoka kwetu. Usiogope mvua kumnyeshea mtoto wala mahindi. Hata hivyo, moshi wa nyasi na misitu inayoungua nao huongeza tindikali kidogo katika mvua. Tena majivu yenyewe yakilowa hutoa magadi. Bibi zetu walijua hilo, ndiyo maana waliyachuja majivu wakapata maji ya kulainishia maharage. Kinyesi cha ndege nacho kina tindikali yake. Vitu hivyo vyote vilikaa juu ya gari letu wiki tatu, mvua moja ikavilowesha, jua moja likavipika. Kijana wetu alisema kweli, na tena alisema nusu tu, maana nusu nyingine ilikuwa uzembe wetu wa kuliacha gari chini ya mwembe bila kulitazama.

Namna ya kutibu

Kabla ya kumpa mgonjwa dawa tunamchunguza kwanza. Gari nalo lichunguzwe.

Kwanza, lioshe gari kwa maji mengi na sabuni laini, likiwa kivulini na bati limepoa. Usipanguse vumbi likiwa kavu. Vumbi letu jekundu ni mchanga mdogo mdogo, nalo hufanya kazi ya msasa. Mimina maji kwanza liondoke lenyewe. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali kwa rangi, iache. Dodoki gumu, brashi ya kufulia na chuma cha sufuria, viache kabisa jikoni.

Pili, likisha kukauka tazama doa kwa mshazari, asubuhi au jioni, au kwa mwanga wa tochi. Pitisha kucha taratibu. Ukisikia kitu kimeinuka, au doa likionekana kama unga, huenda ni madini. Ukisikia kishimo, rangi imeliwa.

Tatu, kwa doa la madini chukua siki nyeupe ya dukani, changanya na maji safi kiasi kilekile. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama tunavyofanya kwa mgonjwa ambaye hatujui dawa gani inamdhuru. Ukiona rangi haikubadilika, lowesha kitambaa laini cha pamba, kilaze juu ya doa kwa dakika moja au mbili, kisha pangusa polepole bila kukandamiza. Suuza kwa maji mengi, ukaushe kwa kitambaa kikavu. Doa likibaki, rudia mara moja tena. Usiiache siki ikaukie hapo, wala usifanye kazi hii juani, maana siki nayo ni tindikali. Mtu anayetibu doa kwa siki kwenye bati la moto anatengeneza doa jingine.

Nne, kwa kishimo kidogo kuna polishi ya rangi ya gari inayouzwa katika maduka ya vipuri. Hupakwa kidogo kwa kitambaa laini, ikazungushwa taratibu mpaka kingo za kishimo zilainike. Kumbuka kwamba polishi hupunguza lile tabaka jembamba nililolieleza, kwa hiyo si kazi ya kila mwezi. Ukiona kitambaa kinachukua rangi ya gari, simama. Maana yake gari lako halina vanishi ya juu, au imekwisha, na sasa unaondoa rangi yenyewe.

Tano, kwa kishimo kirefu, au mahali ambapo bati limeanza kutokeza, mpelekee fundi. Usingoje. Bati lililo wazi hushika kutu, na kutu husambaa chini ya rangi kama kidonda kilichofunikwa bila kusafishwa. Kazi ya kupaka eneo dogo leo ni nafuu kuliko kupaka boneti nzima mwakani.

Maonyo ya muuguzi

Hapa nazungumza kama muuguzi, naomba tusikilizane.

Wapo wanaoshauriana kuondoa madoa kwa maji ya betri. Maji hayo ni tindikali ya salfa. Huunguza ngozi, na yakiingia jichoni huweza kupofusha. Rangi ya gari nayo haitapona. Yakimrukia mtu, mvue nguo iliyolowa na umwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha umpeleke kituo cha afya. Kama ni jicho, lifungue kwa vidole na ulimwagie maji muda huohuo wote. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali.

Usichanganye kamwe siki na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayobana kifua. Mama mwenye pumu anaweza kuzidiwa papo hapo.

Wala usihifadhi dawa za gari katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto hasomi maandishi, anaangalia umbo la chupa.

Kinga

Kinga ya gari ni rahisi kuliko tiba, kama ilivyo kwa malaria.

Mvua ikinyesha juu ya gari lenye majivu au vumbi, usingoje likauke lenyewe. Likisha kupusa, mimina ndoo mbili za maji safi, ulikaushe kwa kitambaa laini. Kazi yote haifiki nusu saa. Kinyesi cha ndege kiondolewe siku hiyohiyo. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika chache kilainike, ndipo ukinyanyue. Usikikwangue.

Kama maji ya kisima chenu ni magumu, kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati la nyumba kwa kusuuzia mara ya mwisho. Maji hayo hayakupita ardhini, kwa hiyo yana madini machache. Ila acha mvua ya mwanzo ipite kwanza isafishe bati, hasa baada ya kiangazi, ndipo utege ndoo au pipa.

Usiegeshe gari chini ya mwembe kwa sababu tu pana kivuli. Banda la miti na mabati machache, au hata la nyasi, ni bora zaidi. Ukitumia turubai, hakikisha gari ni safi kwanza, maana upepo ukilisukasuka juu ya vumbi, turubai huwa msasa.

Kila baada ya miezi mitatu hivi, paka nta ya magari. Nta huzuia maji yasikae, na tindikali huanza kuila nta kabla ya kufika kwenye rangi. Kama gari limepakwa rangi upya, muulize fundi usubiri muda gani kabla ya kupaka nta, kwa sababu rangi mpya inahitaji kupumua na kukomaa, nayo hudhurika upesi kuliko iliyokwisha kukomaa.

Mwisho wa kisa

Bila shaka mnataka kujua tulivyomaliza. Fundi alipiga polishi, madoa mengi ya mviringo yakatoka, lakini mikwaruzo yangu ilidai boneti ipakwe upya. Gharama hiyo niliilipa mimi kwa awamu tatu kutoka katika mshahara wangu. Wenzangu walitaka ilipwe na mfuko wa kikundi, nikakataa, kwa kuwa fedha za mfuko huo ni madaftari ya watoto wa wajane.

Katika kikao kilichofuata nilisimama nikaeleza yote, na kile nilichofanya siku ya Ijumaa ambacho hakuna aliyekiona. Tukamwita kijana wetu. Mwenyekiti akamrudishia nusu ya mshahara wake, na sisi sote tukamwomba msamaha mbele ya shangazi yake. Alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsanteni, mama zangu. Na mimi nitalitoa chini ya mwembe." Tukacheka, ingawa baadhi yetu macho yalikuwa yamelowa.

Mara nyingi tangu hapo nimejiuliza ingekuwaje kama fundi yule asingepitisha kucha yake. Kijana angebaki na jina la mharibifu, na mimi ningebaki na jina la mama mchapakazi. Nyumbani kwetu huwa hivyohivyo. Sahani imepasuka, sukari imepungua, shati la baba limepata doa, na kabla hatujatazama doa ni la nini tayari tumemwita mtoto au binti wa kazi. Doa tunaweza kulirudia kesho kwa siki. Neno tulilomtamkia asiye na kosa halisuuziki kirahisi hivyo.

Basi mvua za kwanza zikija, mama mwenzangu, toka nje na ndoo yako ya maji safi na kitambaa laini. Tazama kwanza, pitisha kucha, uliza. Nguvu ije baadaye, na ije kidogo.

Hadi mwezi ujao, Mungu awalinde.